Samoni Hawafiki Jikoni: Kutafuta Chanzo cha Tatizo katika Kituo cha Vifaranga cha Jamii

Kituo cha kuzalisha vifaranga wa samoni kinaweza kutimiza kila kazi kilichopangiwa, mayai yakaanguliwa na vifaranga wakaachiliwa kwa maelfu, na bado wazee wa kijiji wakauvuka msimu wa baridi bila samaki wa moshi ndani ya nyumba. Mwongozo huu ni wa wanaofufua vituo vya jamii kwa ajili ya uvuvi wa kitoweo: samaki wa kula, wa kugawia ndugu, wa kupeleka msibani na kwenye sherehe. Nimeupanga kinyumenyume. Unaanzia nyumbani, unarudi mtoni, baharini, kwenye matangi, na mwisho kwenye yai. Wengi huanzia kwenye yai kwa sababu ndilo lililo chini ya mikono yao, na hapo ndipo wanapopoteza miaka, maana yai linaweza kuwa zima kabisa na tatizo likawa mahali pengine.

Mfano nitakaourudia ni mto Elwha, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, nchi ya watu wa Lower Elwha Klallam. Mwaka 1913 ulikamilika ukuta wa bwawa la umeme kilomita 8 hivi tu kutoka baharini, bila njia ya kupitisha samaki. Sheria ya jimbo ilidai njia hiyo. Badala yake pakafanywa mapatano: kampuni isijenge njia, kijengwe kituo cha vifaranga. Kituo kilifunguliwa mwaka 1915 na kutelekezwa mwaka 1922. Ukuta ukabaki karibu miaka 100, na samaki wakafungiwa nje ya mto wao. Kwa hiyo kabla ya kukagua bomba lolote, jiulize swali moja kwa uaminifu: kituo hiki kinausaidia mto, au kimewekwa badala ya mto? Kama jibu ni la pili, hakuna marekebisho katika mwongozo huu yatakayokifaa.

Daftari kwanza

Huwezi kutafuta chanzo bila hesabu. Unahitaji namba saba za kila mwaka: wazazi waliokamatwa, mayai yaliyochukuliwa, mayai yaliyotoa macho (yaani macho ya kiinitete yanaonekana ndani ya yai), vifaranga walioanguliwa, walioachiliwa, waliorudi kutoka baharini kuzaa, na walioingia majumbani mwa watu. Ile ya saba ndiyo inayokosekana karibu kila mahali, na ndiyo sababu ya kituo kuwepo. Tuma mtu azungukie familia baada ya msimu na kuuliza. Ukishazipanga, tafuta ngazi ambayo idadi imeanguka kuliko miaka iliyopita, na uanzie hapo.

Ujue pia hasara ipi ni ya kawaida. Jike la Chinook, aina kubwa ya samoni, hutoa mayai 4,000 hadi 5,000, la coho, aina nyingine, karibu 3,000. Katika kituo kinachoendeshwa vizuri zaidi ya asilimia 80 ya mayai hufika hatua ya kifaranga. Baharini mambo hubadilika: katika bonde la mto Columbia, huko huko kaskazini magharibi mwa Marekani, lengo lililowekwa na wasimamizi ni kurudi kwa samaki 2 hadi 6 katika kila 100 walioondoka kwenda baharini, na mito mingi haifiki hata hapo. Mtu asiyejua hili atamlaumu mhudumu wa matangi kwa kifo kilichotokea maelfu ya kilomita kutoka matangini.

Samaki wapo kituoni, nyumbani hawapo

Mtego wa kituo, unaokamata samaki wanaopanda mto kuzaa, unajaa mwezi wa Septemba na Oktoba, taarifa ya mwaka inasomeka vizuri, lakini nyavu za familia zinatoka tupu. Kwanza angalia samaki wanakamatiwa wapi. Samoni huacha kula akishaingia kwenye maji yasiyo chumvi. Anaishi kwa mafuta ya mwilini mwake, na kila kilomita anayopanda inamla. Akifika mtegoni ngozi imekuwa nyeusi au nyekundu, nyama imepauka na kulegea. Familia zinamtaka akiwa bado anang'aa kama fedha, karibu na mlango wa mto. Kama mpango wenu unawafikisha samaki wote mtegoni ndipo mabaki yagawiwe, mnagawa samaki waliokwisha. Kumpa mzee samaki aliyekamuliwa mayai si kumrudishia uvuvi wake. Dawa ni makubaliano kabla ya msimu: wazazi wangapi wanahitajika, wangapi waachwe wazae mtoni wenyewe, na kuanzia idadi ipi nyavu za familia zifunguliwe huko chini.

Halafu kagua dawa ya kulevyia samaki wakati wa kazi. Inayotumika sana ni trikaini, ile iitwayo MS-222. Nchini Marekani samaki aliyeguswa na dawa hiyo haruhusiwi kuliwa na binadamu hadi zipite siku 21, na samoni mzazi aliyefika mtegoni hana siku 21 za kungoja. Nimeona jambo hili likigeuza mamia ya samaki wazuri kuwa taka, na ni uchungu, kwa sababu lingeepukika kwa uamuzi wa asubuhi moja. Samaki watakaoliwa watengwe kabla dawa haijafunguliwa, wauawe kwa pigo la kichwani, watolewe damu papo hapo na kuwekwa kwenye barafu.

Tatu ni wakati, na hili hujificha. Wafanyakazi hupenda kujaza hesabu ya mayai mapema ili wasije wakapungukiwa, kwa hiyo huchukua samaki wa kwanza kufika. Tabia ya kufika mapema hurithiwa. Baada ya vizazi kadhaa kundi zima huanza kufika mapema zaidi kwenye kalenda, na vituo vya coho vya Washington vimeshuhudia hivyo. Familia iliyozoea kuvua wakati hewa imeanza kukauka na nzi wamepungua hujikuta samaki wamekwisha kupita, au wamefika kukiwa bado na joto na unyevu, na nyama inaoza ikiwa imetundikwa. Chukua mayai tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho wake, kwa kiasi kinacholingana na wanaopita kila wiki. Waulize akina mama wanaoshughulika na mabanda ya moshi ni wiki zipi wanazozihitaji. Majibu yao ni takwimu kama takwimu nyingine.

Mwisho ni haki. Katika jimbo la Washington, watu wa Lower Elwha ni miongoni mwa waliofunga Mkataba wa Point No Point mwaka 1855. Hukumu ya Jaji George Boldt ya mwaka 1974 ilisema makabila yenye mikataba yana haki ya hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na mwaka 1980 mahakama ikaamua kwamba samaki waliozalishwa vituoni nao wamo katika hesabu hiyo. Alaska ni habari nyingine: huko sheria ya shirikisho ya mwaka 1980 inawapa wakazi wa vijijini kipaumbele cha uvuvi wa kujikimu katika ardhi na maji ya shirikisho, bila kuangalia kabila. Ukichanganya mifumo hii miwili utaandika maombi kwa ofisi isiyohusika.

Mtego umejaa, mto mtupu

Dalili hii huwapendeza wengi kwa miaka kadhaa kabla haijawatisha. Samaki wa kituo wanarudi kituoni, wanakamuliwa, wanazaliwa tena kituoni, na changarawe za mtoni hazina viota.

Chanzo kikubwa ni kufuga kizazi juu ya kizazi. Tangini anafanikiwa yule anayekula kwa pupa juu ya maji na asiyeogopa kivuli, na mtoni huyo huyo ndiye wa kwanza kuliwa na ndege. Utafiti wa steelhead, ndugu wa karibu wa samoni, katika mto Hood wa Oregon uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha uwezo wa kuzaliana mtoni ukipungua kwa karibu asilimia 40 kwa kila kizazi kilichofugwa. Ni kiwango cha kutisha.

Hata hivyo si hukumu ya kila kituo. Katika kijito cha Johnson Creek huko Idaho, watu wa kabila la Nez Perce walichagua kutumia wazazi waliozaliwa mtoni peke yao, kila mwaka, bila kuwarudia wa kituo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta samaki waliotoka kituoni wakizaliana na wa mtoni bila kuonekana kuwapunguzia wenzao uwezo, na idadi ya kijito ikaongezeka. Tofauti ya matokeo hayo mawili iko kwenye uteuzi wa wazazi zaidi kuliko kwenye vifaa. Hapo ndipo weka nguvu: wazazi wa mtoni kila mwaka, kwa idadi ambayo mto unaweza kuimudu, dume mmoja kwa jike mmoja, wala si manii ya madume 10 kwenye ndoo moja, kwa sababu ndani ya ndoo hiyo dume wawili watatu hushinda na wengine wote hupotea, na alama kwa kila kifaranga wa kituo, iwe pezi dogo la mgongoni lililokatwa au alama ndani ya jiwe la sikio inayowekwa kwa kubadilisha joto la maji. Bila alama hutajua nani ni nani atakaporudi.

Kuna mahali ambapo hakuna tena mzazi wa mtoni wa kuchukuliwa. Coho wa bonde la mto Snake walitangazwa kuwa wametoweka mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 Nez Perce walianza upya kwa mayai ya coho wa Columbia ya chini. Ilibidi wakubali vizazi vya mwanzo vyenye marejeo machache, hadi wakapatikana samaki waliokwisha kuizoea safari ndefu ya kupanda. Katika hali kama hiyo jamii iambiwe ukweli tangu mwanzo kwamba watoto ndio watakaovua.

Wanarudi, wanakufa tumbo limejaa mayai

Pasua samaki aliyekufa. Kama ametoa mayai, amemaliza kazi yake, maana samoni hawa hufa wakishazaa. Kama mayai yote yamo, kuna kilichomuua, na kwa coho wa vijito vinavyopita mijini jibu mara nyingi ni tairi za magari. Kwa miaka mingi watu wa ukanda wa Puget Sound, pwani ya Washington, waliona coho wakizunguka, wakihema juu ya maji na kufa ndani ya saa chache baada ya mvua. Desemba 2020 watafiti walitangaza kisababishi: kemikali inayotokea pale kinga ya mpira wa tairi, 6PPD, inapokutana na ozoni hewani. Chini ya maikrogramu moja kwa lita inamuua coho. Chum, aina nyingine ya samoni, kwenye maji hayo hayo husalimika, na tofauti hiyo ndiyo kipimo chako cha haraka: coho wanakufa, chum wanaogelea, na mvua imenyesha jana. Kuongeza vifaranga hapa ni kulisha barabara. Elekeza maji ya barabarani yapite kwanza kwenye mashimo ya mchanga na mboji kabla ya kuingia kijitoni. Majaribio yameonyesha uchujaji huo unaokoa maisha ya samaki.

Kama hakuna barabara, pima joto. Mwaka 2015 maji ya Columbia yalivuka nyuzi 20 mapema kiangazi, na sockeye, nao ni aina ya samoni, wanaokadiriwa kuwa 250,000 walikufa wakiwa njiani. Tafuta pia mahali samaki wanaporundikana chini ya kizuizi kidogo, kalvati lililoinuka au daraja la zamani. Kusubiri hapo siku 10 kwenye maji ya vuguvugu kunatosha kuwaua.

Waliondoka wazima, hawakurudi

Usianze na kituo chako. Uliza majirani. Kama mito mitano ya pwani hiyo hiyo imekosa samaki mwaka huo huo, sababu iko baharini au kwenye nyavu za mbali. Kama ni wako peke yake, sababu ni ya karibu, na hapo una la kufanya.

Samaki huenda wamerudi, ila kwa mwingine. Samoni mchanga hukariri harufu ya maji katika miezi ya mwisho kabla ya kwenda baharini. Vifaranga waliolelewa kwa maji ya kisima na kubebwa kwa lori hadi mtoni siku ya kuwaachilia hawana cha kukariri. Kagua vijito jirani na utafute alama zenu kwenye mizoga. Kama zipo, jenga bwawa la kuwazoeza lililojazwa maji ya mto mnaoutaka, na wakae humo majuma kadhaa, afadhali wao wenyewe waamue siku ya kutoka.

Au waliondoka mwili haujawa tayari. Kifaranga aliye tayari kwa chumvi huwa wa fedha, magamba yake hutoka kwa kuguswa, na kingo za mapezi huwa nyeusi. Waweke wachache kwenye maji ya bahari kwa saa 24. Wakilegea au kufa, funga geti na usubiri, hata kama siku ya sherehe ya kuachilia imetangazwa na wageni wamealikwa.

Ndege nao wana akili. Kituo kinachoachilia mahali pamoja, mchana, tarehe ile ile kila mwaka, kinawafunza bata-maji na mnandi kuja. Achilia usiku, maji yakiwa yamepanda na yenye tope, na ubadilishe mahali.

Tope lenyewe lina kikomo. Kuta mbili za Elwha, ule wa mwaka 1913 na wa pili uliojengwa baadaye juu zaidi mtoni, zilipobomolewa kati ya 2011 na 2014, mchanga na matope ya karibu karne nzima yalishuka. Vifaranga wa Chinook walioachiliwa katika maji hayo mwaka 2013 walikufa kwa wingi. Wakati huo huo, kituo kipya cha kabila, kilichofunguliwa mwaka 2011, kilikuwa kikihifadhi mbegu ya samaki wa Elwha ambao mtoni wasingesalimika. Hii ndiyo kazi ya kituo ninayoiamini kwa moyo wote: kuhifadhi kizazi kwa muda wakati mto unaponywa. Uvuvi ulifungwa kuanzia mwaka 2011. Oktoba 2023, kabila lilifungua uvuvi mdogo wa coho kwa ajili ya sherehe na chakula, wa kwanza tangu kuta kuondolewa. Zaidi ya kilomita 110 za mto na vijito vyake zilikuwa zimefunguka juu ya pale palipokuwa na ukuta. Wanaotaka kuiga kituo cha Elwha bila kuigusa kazi ya kuufungua mto watakuwa wameiga nusu iliyoshindwa mwaka 1922.

Na kuna hali ambapo kituo hakiwezi. Chinook wa mto Yukon wameanguka kiasi kwamba Aprili 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wao kwa miaka 7, umri wa kizazi kimoja. Pale Whitehorse, upande wa Kanada wa mto huo, kituo cha vifaranga kimekuwapo tangu mwaka 1984, kufidia bwawa lililojengwa mwaka 1958, na hakikuzuia anguko hilo. Bahari imepata joto, mto umepata joto, na kimelea cha Ichthyophonus, kinachoonekana kama vidoa vyeupe kwenye moyo wa samaki, huwaua wengi kabla hawajafika mazalioni. Ukikuta vidoa hivyo kwa wazazi wako, peleka sampuli maabara kabla ya kuongeza matangi.

Madume madogo yaliyopevuka kabla ya wakati

Unakamua samaki wa urefu wa kiganja, mwenye umri wa miaka miwili, anatoa manii. Hajawahi kwenda baharini wala hataleta nyama kwa mtu. Katika kituo cha Cle Elum cha watu wa Yakama, kilichoanza mwaka 1997, watafiti walikuta zaidi ya theluthi ya madume ya Chinook yakipevuka hivyo. Sababu ni chakula kingi na maji ya vuguvugu katika miezi ambayo mtoni wangekuwa na njaa. Punguza mafuta kwenye chakula, punguza kiasi chake kuanzia Agosti hadi majira ya baridi, na kama una maji ya baridi zaidi, yatumie. Vifaranga watakuwa wadogo kwenye picha za taarifa. Wakubali hivyo.

Vifaranga wanalala ubavu au wanazunguka

Dalili hii inastahili haraka, kwa sababu moja ya vyanzo vyake hutibika siku hiyo hiyo. Mapema mwaka 2020, vituo vya bonde la kati la California viliona vifaranga wa Chinook wakilala chini ya tangi na kuogelea kwa kujipinda. Maji yalikuwa safi, wala hapakuwa na virusi. Ilikuwa upungufu wa thiamini, vitamini B1, upungufu waliotoka nao tumboni mwa mama. Mama walikuwa wamekula dagaa wa jamii ya anchovi kwa wingi baharini, na samaki hao wana kimeng'enya kinachovunja thiamini.

Kipimo ni rahisi: chukua vifaranga wachache walio hoi, waweke kwenye maji yenye thiamini iliyoyeyushwa, na uangalie. Wakianza kuogelea sawasawa ndani ya saa chache, umepata jibu, na walioko matangini waogeshwe vivyo hivyo. Msimu unaofuata, wachome sindano ya thiamini majike wanaongojea kukamuliwa, ili waipitishe kwenye mayai. Kwa jamii za kitoweo jambo hili lina upande wa pili: samaki wanaozaliana mtoni hawana wa kuwaogesha. Ukiona dalili hii kituoni, elewa kwamba viota vya mtoni navyo vimeathirika, na punguza matarajio ya mavuno miaka mitatu minne ijayo.

Wasipopata nafuu, na hasa kama ni sockeye, fikiria virusi vya IHN, ugonjwa wa kuambukiza unaoua samoni wachanga. Vifaranga huwa weusi, macho yametoka, wana kinyesi chenye uzi mrefu, na vifo hupanda kwa siku chache hadi tangi zima linakwisha. Hakuna tiba. Alaska imejifunza kuishi navyo kwa kanuni tatu: maji yasiyo na virusi, yaani ya chemchemi au kisima ambako samaki hawapandi, kuua vijidudu kila kitu kinachogusa mayai, na kugawa mayai katika makundi yasiyogusana, ili kundi moja likipotea mengine yabaki. Tangi lenye virusi hivyo huangamizwa lote. Fanya hivyo bila kusita, hata kama ni samaki wa kijito chenye wazazi wachache.

Mapovu, matamvua na vifo vya kila siku

Mapovu madogo machoni au kwenye mapezi ni gesi iliyozidi ndani ya maji. Kagua pampu: bomba la kuvuta lenye ufa hunyonya hewa na kuisukuma ndani ya maji kwa nguvu. Maji ya kisima nayo hutoka hivyo kiasili. Yapitishe kwenye mnara wenye vipande vya plastiki ndani ili gesi itoke kabla ya kufika tangini.

Vifaranga wakijikusanya kwenye mdomo wa bomba, matamvua yameachama na hawataki chakula, wamebanana mno au chakula kilichobaki kimeoza chini. Punguza idadi, safisha, ongeza maji. Vidonda karibu na mkia katika maji ya chini ya nyuzi 10 ni ugonjwa wa bakteria wa maji ya baridi, na hapo daktari wa samaki aitwe. Figo iliyovimba yenye vidoa vyeupe ni ugonjwa wa figo unaokaa ndani ya yai lenyewe, kwa hiyo iodini ya kuoshea mayai kwa nje haiugusi. Pima figo ya kila jike siku ya kukamua na utupe mayai ya aliyeugua vibaya.

Tangi zima likifa usiku mmoja, ni maji yaliyokatika. Barafu imeziba mlango wa bomba, au umeme umezimika. Kengele ya kina cha maji inayomfikia mtu simuni ni bei ndogo kuliko kizazi kizima cha samaki.

Mayai meupe

Wanaokijua kituo cha trauti cha Kiganjo, huko Nyeri, hawatakuwa wageni hapa, maana trauti ni wa ukoo wa samoni. Yai jeupe limekufa, lakini weupe hausemi limekufa lini. Chukua mayai 20 siku ya 10 hivi baada ya kukamua, uyaweke kwenye siki nyeupe kwa dakika chache. Yaliyorutubishwa yataonyesha mstari mweupe wa kiinitete. Yasiyo na mstari hayakuwahi kurutubishwa, na kosa ni la siku ya kukamua.

Kosa hilo kwa kawaida ni maji. Manii yakigusana na maji huamka na kuisha nguvu ndani ya dakika moja, na tundu la yai hufunga baada ya dakika moja au mbili. Tone kutoka kwenye mkono au tumbo la samaki linatosha kuanzisha saa hiyo kabla ya wakati. Kausha samaki, kausha mikono, kausha ndoo, fanya kazi kivulini, na maji yaingie baada ya manii na mayai kuchanganywa. Mayai yaliyopasuka nayo huharibu mengine, kwa sababu kiini chao huganda na kuziba matundu. Yasuuze kwa maji ya chumvi kidogo.

Kama mstari ulikuwepo na yai likafa baadaye, uliza nani aliligusa. Saa 48 za kwanza yai linavumilia kusafirishwa kwa upole. Baada ya hapo, hadi macho yaonekane, mtikisiko wowote unaua. Kwa Chinook macho huonekana baada ya jumla ya nyuzi 250 za kila siku, yaani siku 25 kwenye maji ya nyuzi 10, au 50 kwenye maji ya nyuzi 5. Kuanguliwa huja karibu na 500. Andika tarehe hizo ukutani na ukataze trei kufunguliwa kwa ajili ya wageni.

Ukungu kama pamba hauanzi kwenye yai zima. Huanza kwenye lililokufa na kutambaa. Fomalini huuzuia, kwa kipimo cha daktari na kwa kinga ya mikono na pumzi. Macho yakishatoka, mimina mayai kwa nguvu kiasi kutoka ndoo moja hadi nyingine: yasiyo na uhai yatageuka meupe kufikia kesho yake, na yatolewe yote.

Yanapotolewa yahesabiwe kwa kila jike na kwa kila trei. Meupe yakiwa ya jike mmoja, yalikuwa yamepitiliza kuiva tumboni. Yakiwa ya majike wote waliopewa dume mmoja, ni manii yake. Yakiwa ya siku moja, ni mikono ya siku hiyo. Na yakiwa kwenye trei za chini za kila safu, bila kujali mzazi, ni maji yanayofika chini yakiwa yamechoka oksijeni. Fungua bomba zaidi na upime tena jioni.